Hali Elfu Sitini na Tano na Pasi Moja

Fyuzi ililipuka Jumatatu saa tano na robo asubuhi, na kwa mara ya kwanza tangu wafunge ndoa, Illuminée alimsikia mumewe akipiga yowe.

“Umeiua! Mama Umuhoza, umeiua!”

Illuminée alisimama katikati ya chumba, pasi mkononi, kitambaa cheupe kimetandikwa mezani mbele yake. Alidhani ameua mtoto. Alitazama chini, akatazama nyuma ya mlango, kisha akaelewa kwamba aliyekufa ni kompyuta.

“Papa Umuhoza, umenitisha. Moto wa umeme umekatika tu. Utarudi.”

“Moto utarudi, lakini hesabu haitarudi! Siku mbili na zaidi, hali elfu ishirini na tatu, zote zimepotea. Niko naanza tena kwenye sifuri.”

“Na hiyo kompyuta yako haikuandika mahali ilipofika?”

Jibu la Melchior, mumewe, lingekuwa hapana. Hakuwa ameipangia programu yake ihifadhi mahali ilipofika. Ni jambo la mistari kumi, angeweza kuliandika huku anakunywa uji. Lakini mtu anayejiamini hahifadhi, na wiki ile Melchior alikuwa anajiamini kuliko mtu yeyote wa mtaa wetu wa Kabeza.

Usiniulize nimejuaje yaliyosemwa ndani. Mimi ni Shami, mwenye duka dogo la mbele katika kiwanja hicho hicho. Ukuta kati ya duka langu na chumba chao ni wa matofali ya udongo, na masikio yangu ni ya mwenye duka. Yale ambayo sikuyasikia mwenyewe nilisimuliwa baadaye na wote wawili, kila mmoja akimlaumu mwenzake. Tulikuwa nyumba tatu kwenye mita moja na fyuzi moja: mimi, wao, na mzee mmoja ambaye hakuwa na chochote cha umeme isipokuwa taa. Nilikimbia uani kubadilisha fyuzi, nikatingisha kichwa pamoja na wengine, nikasema kweli pasi ni kitu kibaya. Sikusema kwamba dakika hiyo hiyo nilikuwa nimechomeka friji yangu ya soda. Hilo nalisema leo kwa mara ya kwanza.

“Kuanzia sasa,” Melchior alitangaza uani, “hakuna kupiga pasi mpaka Ijumaa.”

“Na nguo za Madamu Mukasine?” Illuminée akauliza. “Wanakuja kuzichukua Ijumaa hiyo hiyo. Mama yangu we, binti yake anaolewa Jumamosi!”

“Tumia pasi ya mkaa.”

“Kwenye kitambaa cheupe?”

“Watu walikuwa wanapiga pasi kabla umeme haujaletwa Kigali,” alisema Melchior, akaingia ndani kuwasha mashine yake. Sisi tulibaki tukimtazama Illuminée, na hakuna aliyemtetea, maana wote tulikuwa na sababu zetu.

Sababu zetu zilikuwa hizi. Mwaka huo wa tisini na mbili, Melchior alikuwa na miezi saba nyumbani. Shule ya ufundi aliyofundisha kaskazini ilikuwa imefungwa kwa vita, akarudi na masanduku mawili, na ndani ya moja mlikuwa na kompyuta kuukuu ya wafadhili waliokuwa wameondoka. Tangu hapo mkewe ndiye alikuwa analisha nyumba kwa cherehani. Melchior aliosha vyombo, alipeleka watoto shule, na kila asubuhi alivaa viatu vya kazi hata kama hakuwa na pa kwenda zaidi ya dukani kwangu. Nilimwonea huruma. Nilimcheka pia, lakini baada ya yeye kuondoka.

Kisha ikatokea kazi. Kampuni moja ya chai yenye ofisi Remera ilitaka fundi wa kudumu wa mitambo, na kama mtihani, kila mwombaji alete mchoro wa saketi ya kuongoza tanuri la kukaushia majani: lini feni iwake, lini moto uzimwe, lini kengele ilie. Saketi ilipokea habari kumi na sita, kila moja ndiyo au hapana: mlango wa tanuri uko wazi au umefungwa, joto limepita au halijapita, kitufe kimebonyezwa au hakijabonyezwa. Zikichanganywa zote, zinatoa hali elfu sitini na tano, mia tano thelathini na sita. Waombaji wengine waliahidi kujaribu chache. Melchior alisimama mbele ya Bwana Mutsinzi, mhandisi mkuu, akasema atazijaribu zote ndani ya kompyuta kabla ya Ijumaa saa tatu. Aliongeza kwamba anaweka heshima yake. Hakuna aliyekuwa amemwomba heshima yake.

Aliporudi nyumbani ndipo alipopiga hesabu. Kompyuta ile ilihitaji sekunde nane kuiga hali moja, kwa kuwa ilibidi iipitishe saketi nzima mapigo mia kadhaa, hatua moja moja. Sekunde nane mara hali zote ni siku sita na saa kadhaa. Alianza Jumamosi asubuhi, akijua siku hazitatosha, akitumaini muujiza. Badala ya muujiza ikaja pasi.

Na sisi? Sisi tulikuwa tumeshaipokea kazi kabla yake. Mimi nilikuwa na mpwa aliyekaa tu bila kazi huko Biryogo, nikampelekea Melchior jina lake kwenye karatasi. Yule mzee wa tatu aliuliza kama kiwanda kinahitaji mlinzi. Hata mwalimu wa kwaya wa mtaani alikuja na karatasi yake. Melchior alizipokea zote, akaziweka chini ya kompyuta, akasema, “Nitaona.”

Jumatano asubuhi lilitokea lile lililokuwa lazima litokee. Cheche moja ilidondoka kutoka kwenye pasi ya mkaa, ikatua kwenye blauzi ya bibi harusi, ikatoboa tundu la ukubwa wa kifungo. Na Mukasine alikuwa amekuja kuangalia kazi inaendaje.

Madamu Mukasine alikuwa na duka la vitambaa Remera, na sauti ya kuitangaza mali iliyo ng'ambo ya barabara. Alikinyanyua kitambaa hadi kwenye mwanga wa dirisha, akachungulia kupitia lile tundu, jicho lake likamwona Illuminée upande wa pili.

“Yewe, Illuminée. Hii ni mwaka gani? Iko mkaa bado?”

“Pole sana, Madamu. Ni umeme. Mume wangu iko na kazi kwenye umeme.”

“Mume wako iko na kazi?” Mukasine alimgeukia Melchior aliyekuwa ameketi mbele ya kioo chenye maandishi ya rangi ya chungwa, hafanyi kitu, anaangalia tarakimu zikipanda polepole. “Kazi gani hii? Anaangalia?”

“Mashine ndiyo inafanya,” Melchior alisema.

“Na wewe?”

“Mimi ninasubiri.”

Mukasine alicheka mpaka akajifuta macho. Kisha akaacha kucheka ghafla, akasema kwamba kitambaa hakitoshi tena kwa namna walivyopanga, kwamba blauzi zote nane, ya bibi harusi na za wasimamizi wake, zikatwe upya kwa mtindo mwingine, kwamba ataleta gora lingine la kitambaa mchana, na kama Ijumaa nguo hazipo, Remera nzima itajua fundi wa Kabeza ni wa namna gani. Alipotoka, Illuminée alikaa kwenye kiti cha cherehani akiwa ameinamisha kichwa. Melchior alitaka kusema neno. Mkewe akamwahi.

“Sikiliza,” Illuminée alisema bila kumtazama. “Miezi saba sijakuuliza kitu. Sikuuliza kwa nini unavaa viatu. Lakini leo umenifanya nichekwe nyumbani mwangu, rwose kabisa, na sijui nitasahau lini.”

Gora lilipoletwa mchana, Illuminée alisogeza meza, akakunja kitambaa tabaka juu ya tabaka mpaka zikawa nane, akazibana kwa pini pembeni, akaweka kiolezo cha karatasi juu, akachukua mkasi mkubwa. Akakata. Mzunguko mmoja wa bega, mmoja wa shingo, mmoja wa ubavu. Kwa muda ambao mimi hupima kilo ya sukari, blauzi nane zilikuwa zimekatwa.

Melchior alikuwa anamtazama, kwa kuwa hakuwa na jambo lingine la kutazama.

“Unakata zote pamoja?”

“Sasa nikate moja moja? Nina mikono mingapi?”

“Mkasi hauoni tofauti? Nane au moja?”

“Mkasi unakata kilicho kwenye mdomo wake, Papa Umuhoza. Kama nikiweka moja, unakata moja. Nguvu iko ile ile.”

Melchior alisimama. Alikaa. Akasimama tena. Halafu akafanya jambo lililotushtua sote kuliko yowe la Jumatatu: aliizima kompyuta mwenyewe, kwa mkono wake, ikiwa imefika karibu elfu ishirini na tatu kwa mara ya pili.

“Mimi ni mpumbavu,” alisema. Aliyasema hayo kwa furaha kubwa, na mkewe hakuona sababu ya kumpinga.

Alimweleza, na jioni hiyo akanieleza mimi pia kwenye kaunta, na nilielewa, kwa hiyo si jambo gumu. Kompyuta ile ilishika namba zenye nafasi kumi na sita. Kila safari ilibeba tarakimu kumi na sita, na kila safari ilitumia nguvu ile ile. Yeye, kwa siku zote hizo, alikuwa ameweka ndiyo au hapana moja tu kwenye nafasi ya kwanza, na nafasi kumi na tano nyingine zikaenda na kurudi tupu. Kama angeziweka hali kumi na sita bega kwa bega ndani ya namba moja, mashine ingeziiga zote kwa safari moja, na isingejua kama ni moja au kumi na sita.

“Siku sita zinakuwa saa tisa,” alisema. “Saa tisa, Bwana Shami! Miaka kumi nimefundisha watoto wa watu hizo namba. Nimeandika ubaoni nafasi zote kumi na sita. Na nimekuja kuonyeshwa na mkasi.”

“Mkasi wa nani?” Illuminée aliuliza kutoka ndani.

“Wako, mama.”

Aliandika programu upya alasiri nzima na sehemu kubwa ya usiku. Safari hii aliipangia ihifadhi mahali ilipofika.

Alhamisi saa moja asubuhi aliiwasha. Mimi nilichomoa friji yangu. Hakuna aliyeniomba, nilifanya hivyo kwa sababu ya dhamira, na nilijisifu moyoni siku nzima kana kwamba nimejenga msikiti. Tarakimu hazikupanda tena kama zamani, zilikimbia. Watoto waliotoka shule mchana walisimama mlangoni wakazihesabia kwa sauti mpaka wakachoka. Illuminée alishona blauzi zake nane kwa cherehani ya miguu, na mara moja nilimsikia akiimba. Saa kumi jioni mashine ingemaliza, naye angechomeka pasi.

Saa tisa na nusu hivi, mashine ililia mlio mmoja mfupi. Kisha mwingine. Kisha miwili tena.

Melchior aliinama kwenye kioo. Alisoma, akaandika kwenye karatasi, akasoma tena. Kati ya hali zote zilizopita, nne zilikuwa mbaya. Zote nne zilikuwa baada ya elfu sitini na moja. Katika hizo nne, mtu akibonyeza kitufe cha kuanza upya wakati joto limepita na mlango uko wazi, saketi ilizima feni na kuacha moto uwake. Hakuna kengele.

“Nne tu?” nilimwambia, maana mashine ilipomaliza saa kumi alikuja dukani na karatasi yake. “Melchior, elfu sitini na tano na zaidi ni nzuri, nne mbaya. Kwenye duka langu mbaya ni nyingi kuliko hizo na watu wananunua. Nyamaza. Pata kazi kwanza, urekebishe ukiwa ndani.”

“Sanduku la saketi linafungwa kiwandani Jumatatu. Kurekebisha na kujaribu tena kunataka wiki mbili.”

“Basi nyamaza wiki mbili.”

Nilisema hivyo. Nilikuwa nafikiria mpwa wangu.

Illuminée alikuwa amesimama nyuma yake na pasi ya umeme mkononi, haijachomekwa.

“Hapo kwenye mlango wa tanuri,” aliuliza, “nani anasimama?”

“Wanawake. Wanageuza majani. Kumi na wawili kwa zamu.”

Hakuuliza lingine. Alirudi ndani, akachomeka pasi, akaanza na blauzi ya bibi harusi. Melchior alimfuata, akachukua karatasi safi akaandika zile hali nne, kwa mwandiko wa mwalimu, na kosa la kila moja pembeni yake.

Ijumaa alivaa koti langu, kwa sababu lake lilibaki kaskazini. Njiani kuelekea Remera askari wa kizuizi walimkagua. Mmoja alinyanyua diski ya kompyuta aliyoibeba.

“Humu mna nini?”

“Makosa yangu,” alisema Melchior.

 Askari akacheka, akasema na yeye anayo ya kujaza lori, akampisha.

Bwana Mutsinzi alimpokea kwa Kifaransa, na mazungumzo yao ninayaandika kama nilivyosimuliwa. Alikuwa mtu mpole, aliyechoka, mezani kwake kuna michoro na glasi ya maziwa. Alisoma karatasi mara mbili.

“Umezijaribu zote kweli?”

“Zote.”

“Na umekuja kuniambia saketi yako ni mbovu.”

“Katika hali nne, Bwana Mhandisi. Ninaweza kuirekebisha kwa wiki mbili.”

“Sina wiki mbili. Majani yanachumwa.” Mutsinzi alivuta mchoro mwingine. “Kuna kijana ameleta huu jana. Hauna kosa hata moja.”

“Alijaribu hali ngapi?”

“Mia mbili, anasema.”

“Niruhusu niujaribu wake,” Melchior alisema. “Bure. Ni kazi ya saa tisa tu.”

“Nikiukuta una kosa nitafanya nini?” Mutsinzi aliuliza, si kwa ubaya. “Nitakuwa na michoro miwili mibovu na chai inayooza. Asante, mwalimu. Wewe ni mtu mwaminifu.”

Melchior anasema neno hilo la mwisho ndilo lililomuuma, kwa sababu lilisemwa kama mtu anavyosema pole.

Tulimngoja uani sote: mimi, mzee, mwalimu wa kwaya, na Madamu Mukasine ambaye blauzi zake nane zilikuwa zimekunjwa mezani, nyeupe, zimenyooka, hata yeye hakupata la kusema juu yake. Alipoingia langoni tulijua. Hakuna mtu aliyeajiriwa anayefunga lango polepole hivyo.

“Hawakunichukua,” alisema mbele ya wote. “Nimewapa makosa yangu, wakachukua mtu mwingine.”

Mzee wa taa aliomba karatasi yake irudishwe. Mimi niliona haya kuomba ya mpwa wangu, nikaichukua jioni.

“Ile njia ya kwanza,” Illuminée aliuliza, “ya hali moja moja. Ingeziona hizo nne?”

“Hapana. Leo saa tatu ingekuwa kwenye elfu arobaini na mbili tu, na huko hakuna kosa. Ningesema saketi ni nzuri, na nisingekuwa nasema uongo.”

“Kwa hiyo ni mkasi wangu umekunyima kazi.”

“Ndiyo.”

Nilidhani atalia. Badala yake alimuuliza habari za mchoro wa yule kijana, akaambiwa. Akachomoa sindano zilizochomwa kifuani mwa gauni lake, moja moja, akazipanga mezani. Akafunga kitambaa kichwani.

“Twende Remera,” alisema.

“Amekataa, mama.”

“Amekukataa wewe. Mimi sijamwona.”

Madamu Mukasine aliwachukua kwenye gari lake, kwa kuwa alikuwa anakwenda huko na kwa kuwa hakutaka kukosa. Walimkuta Mutsinzi anafunga ofisi. Illuminée alimsalimia kwa Kinyarwanda kwa mikono miwili, akajitambulisha kuwa ni fundi wa nguo, akamuuliza kama anawajua kwa majina wale wanawake kumi na wawili. Hakuwajua. Akasema yeye pia hawajui, lakini jana usiku aliwawaza, na akamuuliza yeye alilalaje. Mukasine anasema mhandisi aliurudisha ufunguo kwenye kitasa, akafungua mlango tena, akampa Melchior mchoro wa yule kijana.

Jumamosi saa moja asubuhi Melchior aliwasha mashine na saketi ya mshindani wake. Pasi ilikuwa kwenye kabati. Friji yangu nilikuwa nimeichomoa. Tulikaa uani kiwanja kizima, tukisubiri mlio, na nikiri tu: tuliutaka. Mlio mmoja tu, na labda Mutsinzi angemrudia mtu wetu. Nadhani Melchior aliutaka kuliko sisi sote, maana kuanzia saa tisa alishindwa kukaa.

Elfu sitini na moja ikapita kimya. Elfu sitini na tatu. Saa kumi na dakika sita mashine ilisimama, ikaandika kwamba imemaliza.

Hakuna kosa. Katika hali zote elfu sitini na tano, mia tano thelathini na sita, saketi ya yule kijana aliyejaribu mia mbili ilikuwa safi.

Melchior alicheka. Alicheka mpaka akaketi kwenye sakafu, mgongo ukutani, na Illuminée akaketi kando yake, na hapo ndipo Melchior alipolia, mkewe akamshika mkono, wakakaa hivyo watoto wakiwatazama. Melchior alikuwa na huzuni, na alikuwa na furaha kwa ajili ya wanawake asiowajua, na hakujaribu kuficha hata kimoja.

Kisha akaomba karatasi safi. Akaandika kwamba yeye, Melchior, amezijaribu hali zote, na saketi hii haina hitilafu. Juu yake, kwa herufi kubwa za mwalimu, akaandika jina la yule kijana, akalisoma tena kuhakikisha hajalikosea.